Kontena lilipofika Likasi, reli ilikuwa imechoka: historia ya lori fupi na sanduku la chuma

Mtu akisimama kando ya Barabara ya Taifa Namba 1 mjini Likasi, anahesabu malori mpaka anachoka. Mengi ni semi-remorque, yaani kichwa cha lori kinachokokota tela refu. Katikati yake hupita lori jingine, fupi, lisilo na tela. Chumba cha shofere na sehemu ya mzigo vimekaa juu ya fremu moja. Mashofere wanaliita porteur. Mgongoni limebeba kontena moja la futi 20, sanduku la chuma lenye urefu wa mita 6 na kidogo. Hilo ndilo linaloingia ndani ya Kikula, Panda na Shituru, kwenye njia ambazo semi-remorque haiwezi kugeuka.

Historia ya lori hili ni fupi kuliko historia ya mji wenyewe, lakini inawagusa wakaaji wote. Kontena lilibuniwa ili mzigo usafiri kwa meli, kwa treni na kwa lori bila kufunguliwa njiani. Kwa upande wa Likasi, treni ilidhoofika kabla kontena halijazoeleka. Uzito uliopaswa kulala juu ya reli ukahamia juu ya lami, na wanaoishi kando ya lami ndio wanaouona kila siku.

Mji uliozaliwa na reli

Reli iliyotoka kusini mwa Afrika ilivuka mpaka na kufika Sakania mwaka 1909. Mwaka 1910 ikafika Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Mwaka 1913 ilikuwa imefika eneo la Kambove, jirani na Likasi. Mwaka 1918 ikafika Bukama, kwenye mto unaobeba mashua kuelekea kaskazini. Mwaka 1928 njia ya kwenda Ilebo, wakati ule Port-Francqui, ikafunguliwa. Mwaka 1931 reli ya Benguela ikaungana na ya Katanga, na shaba ikapata njia fupi ya kufika bahari ya Atlantiki kwenye bandari ya Lobito.

Mwaka huohuo wa 1931, mji ulipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa makampuni ya Kibelgiji. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Katika miaka hiyo yote, viwanda vya Union Minière vya Shituru na Panda vilitegemea treni. Makaa, mashini, unga wa mahindi na wafanyakazi wapya vilishushwa gare. Shaba ilipakiwa hapohapo. Lori lilikuwa msaidizi tu: lilichukua mzigo gare na kuupeleka mtaani, au lilileta chakula kutoka mashambani.

Njia ya kupitia Ilebo ilikuwa na shida moja kubwa. Shaba ilipakiwa kwenye wagoni, ikashushwa Ilebo, ikapakiwa kwenye mashua mpaka Kinshasa, ikashushwa tena, ikapakiwa kwenye treni ya Matadi, kiisha ikapandishwa melini. Kila mahali palihitaji watu wengi, siku nyingi na ulinzi. Mzigo uliguswa mara nyingi, na kila ulipoguswa ulichelewa, ulivunjika au ulipungua. Kama kuna jimbo ambalo lilihitaji sanduku lisilofunguliwa njiani, ni Katanga.

Wazo la sanduku

Wazo lenyewe lilianza mapema. Katika miaka ya 1920, makampuni ya reli ya Uingereza yalikuwa na masanduku makubwa ya mbao. Winchi iliyatoa kwenye wagoni na kuyaweka juu ya lori fupi, ambalo liliyapeleka mpaka mlangoni kwa mwenye duka. Basi tangu mwanzo lori fupi lilikuwa mwenzake wa treni. Treni ilichukua safari ndefu, lori likachukua kilomita chache za mwisho.

Hatua kubwa ilikuja Marekani. Tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa imebeba makontena 58. Mwenye mpango huo alikuwa Malcom McLean, mtu aliyewahi kuendesha lori mwenyewe. Alichoka kuona malori yakingoja bandarini siku nzima huku watu wakishusha gunia moja moja. Aliona afadhali kuinua sanduku zima.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, nchi nyingi zilikubaliana juu ya vipimo: upana futi 8, urefu futi 20 au 40. Kwenye pembe zote kuna kipande cha chuma kigumu chenye matundu. Ndani ya tundu la chini huingia kufuli la pembe, kichwa cha chuma kilichofungwa juu ya lori. Kikizungushwa robo ya duara, sanduku na lori vinashikana. Kufuli nne, pembe nne. Kitu hicho kidogo ndicho kinacholifanya kontena lililopakiwa Shanghai liweze kukaa juu ya meli yoyote, wagoni yoyote na lori lolote lililotengenezwa kwa kazi hiyo.

Reli inadhoofika

Makontena yalipoanza kuenea katika bandari za Afrika, njia za Katanga zilikuwa zinafungwa. Mwaka 1975 vita vya Angola vilikata reli ya Benguela. Shaba ikageukia kusini na mashariki, pamoja na ile njia ndefu ya Ilebo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilikabidhiwa mwaka 1976, ikawa mlango mwingine. Kwa miaka kadhaa SNCC, shirika la reli lililoundwa mwaka 1974, liliendelea kubeba mzigo mkubwa wa Gécamines.

Kisha Gécamines yenyewe ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto, Kolwezi, iliporomoka. Mwaka 1994 shaba ilikuwa imeshuka mpaka karibu tani 30,000. Reli isiyo na mzigo haina pesa, na reli isiyo na pesa hainunui vipuri wala mataruma.

Katikati ya anguko hilo kuna jambo ambalo familia nyingi hazitalisahau. Mwaka 1992 na 1993, chuki ya kikabila iliyochochewa katika siasa ilifukuza makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai kutoka Likasi na Kolwezi. Wengi walikuwa wamezaliwa hapahapa Katanga. Walijazana gare na katika mashule, wakingoja treni kwa wiki na miezi. Njaa na magonjwa viliua watu hapo, hasa watoto. Treni zilipofika, familia zilipanda wagoni za mizigo, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya bidhaa, na vyombo vyao vichache juu ya magoti. Watoto wao waliokulia Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi au Kananga wanajua neno "gare ya Likasi" bila kuwahi kuiona.

Tukio hilo liliumiza pia reli na viwanda. Kati ya waliofukuzwa walikuwamo mafundi, makarani, walimu na wafanyakazi wa SNCC na Gécamines wenye ujuzi wa miaka mingi. Mji ulifukuza watu wake, na pamoja nao ukafukuza mikono iliyojua kuendesha mashini zake. Kampuni ya Sizarail ilipewa kazi ya kuiinua reli mwaka 1995, lakini vita vya 1996 na 1997 vilibadilisha utawala na mpango huo ukaisha.

Barabara inachukua uzito

Barabara ya Likasi imewahi kuonyesha nguvu yake zamani. Septemba 1961, wakati wa kujitenga kwa Katanga, askari wa Ireland wapatao 155 wa Umoja wa Mataifa walizingirwa Jadotville. Wenzao walijaribu kuja kuwasaidia kutoka Élisabethville, wakazuiwa kwenye daraja la mto Lufira. Bila daraja lile hakuna msaada uliopita, na mwisho askari wale walijisalimisha. Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalivuka Lufira na kuingia mjini, na kujitenga kukafikia mwisho. Tangu wakati huo wakaaji wanajua kwamba mji huu una shingo nyembamba: kilomita kama 120 za barabara kutoka Lubumbashi, na mto katikati.

Baada ya Sheria ya Migodi ya mwaka 2002, makampuni mapya yalikuja. Machimbo yalifunguliwa upya, viwanda vikajengwa, na barabara kutoka Kasumbalesa mpaka Kolwezi ikatengenezwa na kuwekwa vituo vya kulipia. Reli haikupata nafuu kwa mwendo huo. Mwaka 2022 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba. Hesabu ni rahisi: tani milioni 2 zikigawanywa kwa lori la tani 30, ni safari zaidi ya 66,000 kwa mwaka, karibu 180 kwa siku. Si zote zinapita Likasi, na hapo bado hazijahesabiwa kobalti, asidi, chokaa, mafuta na vyakula.

Katika msafara huo kontena lina tabia ya ajabu. Shaba hailihitaji sana. Tani 25 za shaba zinajaza chini ya mita 3 za ujazo, wakati kontena la futi 20 lina nafasi ya mita 33. Kwa hiyo shaba nyingi hulala wazi juu ya tela, imefungwa kwa mikanda. Wanaohitaji sanduku ni wale wanaoingiza vitu: vipuri, matairi, vigae, vitenge, friji, dawa, samaki wa makopo. Hivi hutoka Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 2,000, au Durban, Beira na Walvis Bay.

Kwa hiyo makontena mengi huja yamejaa na kurudi matupu. Kurudisha sanduku tupu baharini ni gharama, na mwenye meli anadai faini likichelewa. Ndiyo maana wafanyabiashara wengine hununua sanduku pamoja na mzigo wake. Linabaki Likasi. Linakatwa dirisha, linapakwa rangi, linakuwa duka la simu, saluni, bohari ya saruji au ofisi. Na kila sanduku lililoketi mtaani lilifika hapo juu ya mgongo wa lori, mara nyingi lile fupi.

Lori fupi na hesabu yake

Porteur ina faida zake. Inageuka mahali padogo. Inaingia uani kwa mfanyabiashara. Wakati wa mvua, kwenye njia ya udongo inayokwenda Mitwaba na Manono, inapita mahali ambapo semi-remorque inajikunja na kufunga njia. Mwaka 2005 na 2006, vita kati ya jeshi na Mai-Mai vilipowatoa makumi ya maelfu ya watu katika vijiji vya Mitwaba na Pweto, chakula cha msaada na mahema vilipelekwa kwa malori kwenye njia za namna hiyo. Kwa mama aliyekimbia na watoto, historia ya usafirishaji ni jambo dogo na wazi: lori lilifika au halikufika.

Lakini faida hizo zina mpaka, na mpaka huo unahesabika. Katika nchi nyingi za kusini na mashariki mwa Afrika, ekseli ya mbele inaruhusiwa tani 8, na ekseli mbili za nyuma kwa pamoja tani 16 mpaka 18. Porteur ya ekseli tatu basi inaruhusiwa jumla ya tani 24 mpaka 26. Lori lenyewe likiwa tupu lina uzito wa tani 9 au 10. Kontena tupu la futi 20 lina zaidi ya tani 2. Kinachobaki kwa bidhaa ni tani 12 mpaka 15 hivi.

Sasa, kontena hilohilo linaruhusiwa na sheria za bahari kufika tani 24 kwa jumla, na ya kisasa yanafika tani 30. Maana yake ni kwamba kontena lililojazwa vigae au vyuma linaweza kuwa halali kabisa juu ya meli, halali juu ya semi-remorque ya ekseli sita, na likawa hatari mara tu linapohamishiwa juu ya lori fupi kwa ajili ya kilomita za mwisho. Sanduku halibadiliki rangi wala umbo. Mtu wa kando ya njia hawezi kuona tofauti kwa macho.

Barabara lakini inaiona. Majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani, katika jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu wa lami unapanda haraka kuliko uzito. Ekseli ikibeba uzito mara mbili, uharibifu unakaribia mara 16. Lori moja lililozidishiwa linakula lami kama malori mengi yaliyopakiwa kwa haki. Mashimo yakija, dereva wa basi dogo anayakwepa, anaingia upande wa pili, na hapo ndipo misiba inapozaliwa.

Kuna pia suala la kufuli. Kontena juu ya lori linafikia urefu wa karibu mita 4 kutoka chini, na uzito wake uko juu. Likifungwa kwa kufuli nne za pembe, sanduku na lori vinakuwa mwili mmoja. Likiwekwa juu ya lori la kawaida la mbao au magunia na kufungwa kwa kamba au mnyororo mmoja, linasubiri kona. Hata kontena tupu si salama: ni jepesi, linaruka kwenye mashimo, na upepo unalisukuma.

Uzito unajulikana

Mara nyingi husemwa kwamba hakuna anayejua kilichomo ndani ya sanduku. Kuhusu uzito, hilo si kweli. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa bahari zinataka kila kontena lililojazwa lipimwe kabla ya kupakiwa melini, na uzito uandikwe kwenye karatasi. Kontena lililoshuka Dar es Salaam au Durban lilishapimwa. Mwenye mzigo ana namba hiyo, na wakala wa forodha anaweza kuipata. Anayelihamishia juu ya porteur akisema hajui uzito, karatasi inajua.

Dawa yake pia inajulikana. Kontena zito linaweza kufunguliwa mahali pa kushushia, kando ya mji, na mzigo ugawanywe kwa safari mbili. Au litumwe kwa porteur ya ekseli nne, ambayo inavumilia tani kadhaa zaidi. Safari ya pili ina bei, ndiyo. Lakini bei hiyo ikikwepwa, inalipwa na mtu mwingine: mwenye nyumba ya kando ya njia, mtoto anayevuka kwenda shule, mama muuza mboga aliyeweka meza yake karibu na lami kwa sababu ndiko wateja waliko.

Mkaaji wa kawaida hana mizani, lakini ana macho. Anaweza kuangalia pembe nne za chini za sanduku: je, limekaa sawasawa juu ya kufuli, au lina mwanya na kamba? Anaweza kuangalia matairi ya nyuma kama yamebonyea, na lori kama linalala upande mmoja. Akiona hivyo, asogee mbali na kona na mteremko, na aongoze watoto wasogee. Mwenye duka anayeagiza sanduku anaweza kuuliza uzito kabla ya kukodi lori. Viongozi wa komini wanaweza kuamua ni njia zipi za mtaa malori yenye kontena yapite, na saa ngapi.

Treni inarudi, lori linabaki

Siku hizi habari za reli zimerudi. Upande wa Angola, njia ya Lobito ilijengwa upya baada ya vita, na tangu mwishoni mwa 2023 shaba ya Kolwezi imeanza kusafiri kwa treni kuelekea Atlantiki. Wengi Likasi wanatumaini kwamba uzito utashuka kwenye lami na kurudi kwenye chuma. Tumaini hilo ni la haki. Mji huu ulijengwa na reli, na mafundi wake wa zamani wangali wanaijua.

Hata hivyo treni haifiki mlangoni kwa mtu. Hata SNCC ikipata wagoni mpya na mataruma mapya, sanduku litashushwa gare, na kutoka hapo litapanda lori fupi kwenda Kikula, Panda au Shituru, kama yale masanduku ya mbao ya Uingereza miaka mia moja iliyopita. Reli itapunguza wingi wa malori. Haitafunga kufuli za pembe, wala haitasoma karatasi ya uzito. Kazi hizo mbili ni za mwenye mzigo, mwenye lori, shofere na mkaguzi wa njia, nazo hazihitaji kungoja reli itengenezwe.